Akianguka, Nani Analipa?

Hotuba kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo wanaojiandaa kujenga, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, ndugu katibu, wanachama wenzangu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimepewa nusu saa, na kutoka hapa naona vikombe vimeshaanza kupangwa. Miaka 19 niliyokaa kwenye chama hiki imenifundisha kwamba anayesimama kati ya wanachama na maandazi awe na neno la kueleweka, aliseme, akae. Langu ni swali moja. Wengi wenu mmejaza fomu za mkopo wa nyumba, na mwezi ujao mtaanza kuulizana namba za mafundi. Ukikutana na fundi, kabla hujamuuliza bei, muulize hivi: "Kijana wako akianguka hapa kwangu, nani analipa?"

Mmoja atacheka. Mwingine atakwambia, "Mama, tumwachie Mungu, kwa nini tuwaze mabaya?" Mwingine atafungua mkoba atoe karatasi. Huyo wa mkoba ndiye wa kuendelea naye kwenye bei.

Swali hili limenigharimu shilingi 3,890,000. Risiti ninazo.

Nilistaafu mwaka 2022 nikiwa mhasibu. Miaka 31 nilikuwa nakagua vocha za watu. Ukileta risiti ya teksi haina tarehe, nakurudisha mlangoni. Mali bila daftari hupotea bila habari, msemo huo ulikuwa ukutani juu ya kiti changu. Basi mafao yakatoka (kikokotoo mnakijua, siendi huko), nikashika njia kwenda Madale kwenye kiwanja changu, na uhasibu wote nikausahau kwenye daladala.

Kuta zilikuwa zimesimama tangu nikiwa kazini, tumefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Ilibaki kupaua. Nikapata bei mbili. Ya kwanza ya kampuni ndogo ya ukandarasi: 3,600,000, ufundi peke yake, mbao na bati juu yangu. Ya pili ya fundi niliyeletewa na shemeji: 2,400,000. Shemeji akaniambia, "Huyu ni wetu kabisa, ndiye aliyepaua kwa mchungaji." Kwa mchungaji! Nikaona nimeokoa 1,200,000 na baraka juu yake. Tulikubaliana tumekaa juu ya tofali, tukapeana mikono, na katika watu watatu tuliokuwepo hakuna aliyekuwa na kalamu.

Fundi akaomba advansi ya 600,000, "niwaweke vijana sawa." Nikatuma. Siku tatu kimya. Siku ya nne nikapiga simu, akapokea vizuri tu: "Mama nipo njiani, nimeshafika Tegeta." Nyuma ya sauti yake nasikia mashine inakata tailizi, ule mlio unaoingia mpaka kwenye jino. Nikamuuliza, "Baba, hiyo daladala inatandikwa tailizi?" Simu ikakatika. Naona mzee pale nyuma anacheka. Huyo naye keshajenga.

Alhamisi alikuja, akafanya kazi safi. Mkono wake sina ubishi nao mpaka leo. Jumatatu hayupo. Wiki ya pili nikahesabu saruji iliyobaki ya kurekebishia lenta, nikakuta mifuko mitatu imepungua. Mimi mifuko yangu huwa naitia alama ya rangi nyekundu kwenye kona, tabia ya stoo haiishi. Niliikuta viwanja viwili mbele, imeegemea ukuta wa mtu, alama zinaniangalia.

Mtasema ningemfukuza siku ile ile. Nilitaka. Lakini nikahesabu hela yangu iliyoko mikononi mwake, nikaona nikimfukuza imekwenda. Hapo ndipo advansi inapokukamata. Umeitoa ukidhani umemfunga yeye, kumbe aliyefungwa ni wewe. Unabaki unambembeleza mtu aje kumalizia hela yako.

Sasa ile Jumanne. Ilikuwa mwezi wa tano, 2023, mvua imenyesha usiku kucha. Jukwaa la kusimamia mafundi lilikuwa la mirunda, yaani nguzo za miti, limepigwa misumari na kufungwa kamba, bado limelowa. Kulikuwa na kijana, saidia fundi, ameletwa siku mbili kabla. Alikuwa amevaa ndala. Mimi nilimwona amevaa ndala, nikapita nikaenda kuangalia mbao. Nawaambia hili kwa sababu katika yote ndilo linalonirudia usiku. Walikuwa wanapandisha kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, mguu ukateleza, akashuka na mrunda wake. Kishindo hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama mfuko wa saruji unaposhushwa kwenye kirikuu.

Tulipofika hospitali, nesi akauliza, "Ndugu wa mgonjwa ni nani?" Fundi akaniangalia. Shemeji, aliyekuja mbio, naye akaniangalia. Hata kijana wa bajaji aliyetubeba akaniangalia. Nikasema, "Ni mimi." Jina lake nilikuwa silijui. Nililisoma kwenye kadi baada ya nesi kuliandika.

Paja lilikuwa limevunjika. Upasuaji, vyuma, kitanda, dawa, magongo, nauli ya mama yake kutoka Singida kuja na kurudi: 3,140,000. Kisha miezi mitano kijana hafanyi kazi, nikawa natuma 150,000 kila mwezi, hiyo ni 750,000. Jumla mnayo. Fundi alitoa 50,000 na maombi. Simlaumu sana, hakuwa nazo. Hakuwa nazo, na nyuma yake hapakuwa na mtu wala mfuko wowote wenye nazo, na mimi nilimpandisha juu ya nyumba yangu bila kuuliza habari hiyo.

Msiniulize mahakama ingesemaje. Kuna mwanasheria amekaa mstari wa pili, mfuateni kwenye chai, atawaambia kama mwenye nyumba ni mwajiri au si mwajiri, kama kazi ilikuwa ya siku au ya mkupuo. Mimi niliyekuwa naye mbele yangu ni mama mmoja kwenye benchi la wodi, ana mfuko wa rambo magotini, ananiita "dada". Kaa na mama huyo dakika kumi, halafu nenda kasome sheria.

Hapa Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Sheria yake ni ya mwaka 2008, na Mfuko ulianza kupokea michango Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti tano. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa, na sasa ni asilimia 0.5. Mtu akiumia kazini, Mfuko unabeba matibabu, na siku zote ambazo hawezi kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya ujira wake kwa kipindi kilichowekwa. Akibaki na ulemavu wa kudumu kuna fidia yake. Akifariki kuna gharama za mazishi, na wategemezi wanalipwa pensheni.

Yule kijana alikuwa analipwa 15,000 kwa siku. Chukua siku 24 za mwezi, unapata 360,000. Nusu asilimia ya hiyo ni shilingi 1,800. Sahani ya chipsi kavu.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa natafuta hati ya kiwanja kwenye droo, nikakutana na ile barua ya bei ya 3,600,000. Nyuma yake walikuwa wameambatisha nakala tatu: cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, cheti cha WCF, na hati ya bima. Sikuwahi kufunua ukurasa wa pili. Nilikuwa nimesoma tarakimu ya chini nikaikunja. Mhasibu wa miaka 31!

Tukisikia ajali za ujenzi, akili yetu inakwenda kwenye maghorofa. Tunakumbuka Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la mtaa wa Indira Gandhi hapa mjini liliposhuka na kuua watu 36. Tunakumbuka Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, nchi nzima imekaa kwenye redio inasubiri watu watolewe kwenye kifusi. Yale yana tume, yana viongozi wanaofika na kofia ngumu. Nyumba yako ya vyumba vitatu Chanika haina tume. Ina mrunda mmoja uliolowa na kijana wa ndala, na kesho yake kazi inaendelea na saidia mwingine.

Sasa niwaambie upande wa pili, nisije nikawa nimewatisha tu.

Mwaka uliofuata nilihitaji uzio na geti. Safari hii nikaenda kwa mkandarasi aliyesajiliwa. Ile Bodi, CRB, ipo kwa sheria ya mwaka 1997, na inawapanga makandarasi wa majengo kwa madaraja, la kwanza mpaka la saba. Daraja la saba ndilo la kazi ndogo, na kwa nyumba zetu linatosha kabisa. Usitishwe na neno mkandarasi ukadhani ni mtu wa magreda na barabara. Wapo wenye ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, pikipiki moja, mafundi sita. Bodi ina orodha ya waliosajiliwa, unatafuta jina kwenye tovuti yao ukiwa umekaa nyumbani. Bango la saiti nalo lisomwe: jina la mkandarasi lililoandikwa pale ndilo liwe kwenye mkataba wako.

Huyu wangu alikuja na faili. Nikavaa miwani. Cheti cha Bodi sawa. WCF sawa, nikaomba na uthibitisho wa mchango wa mwezi uliopita, kwa sababu cheti cha usajili kinakwambia alijiandikisha, hakikwambii kama analipa. Nikafika kwenye hati ya bima. Karatasi nzuri, ina nembo, ina muhuri. Imeisha siku 23 zilizopita.

Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Aa mama, hiyo tunahuisha wiki hii hii." Nikamjibu, "Sawa mwanangu, basi na mimi nitasaini wiki hiyo hiyo." Hakukasirika. Alicheka, akaondoka, siku ya nne akarudi na mpya. Muelewe: kwenye bima za nchi hii, ada isipolipwa hakuna bima. Mtu kukwambia "nimeshaongea na wakala" ni sawa na kukwambia "nimeshafika Tegeta". Hiyo mpya nayo sikuipokea kwa macho tu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, wana mfumo wa kuhakiki kwenye mtandao. Unaingiza namba ya hati, unaona kama ipo hai na ni ya nani. Kama mtandao unakusumbua, ipigie kampuni ya bima yenyewe, na namba ya simu uitafute mwenyewe. Ukipiga iliyoandikwa kwenye karatasi unayoitilia shaka, anaweza kupokea binamu yake.

Kwenye hati ile niliangalia vitu ambavyo nyinyi mnaweza kuviangalia hata bila kusomea bima. Jina la aliyekatiwa bima: ni kampuni hii ninayosaini nayo, au ni ya kaka yake? Na je, ndilo jina litakalotokea nikituma hela? Kuna mmoja aliniletea karatasi za kampuni halafu akaniambia hela nitume kwenye namba ya shangazi. Tarehe: inaanza kabla ya kazi, na inaisha baada? Kazi iliyoelezwa humo: kama imeandikwa kupaka rangi na matengenezo madogo, mtu huyo akipanda kwenye paa lako ameiacha bima yake chini. Na kiwango cha juu watakacholipa, mlinganishe na kilicho jirani. Ukipakana na banda la kuku ni hesabu moja, ukipakana na mtu mwenye V8 ni nyingine.

Mimi napakana na mwenye IST. Wiki ya tatu ya kazi walikuwa wanasimamisha nguzo ya chuma ya geti, ikawaponyoka, ikalala juu ya boneti ya IST ya jirani iliyoegeshwa kwa nje. Kioo cha mbele chote, boneti, taa moja. Jirani akatoka na taulo. Moyo wangu ukarudi wodini.

Mkandarasi akamwambia jirani pole, akapiga picha kabla ya kugusa chochote, akampigia wakala wake pale pale tukisikia. Kesho kutwa akaja mtu wa kukadiria hasara, kijana mwenye kishkwambi, akapima, akauliza maswali, akaandika. Kuna kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima anakibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Mkandarasi akakitoa mfukoni mwake, akanung'unika kidogo kama binadamu. Ilichukua wiki sita. Msidhani ni kesho yake. Jirani alipanda bodaboda wiki sita na alinikumbusha kila asubuhi. Lakini gari lilitengenezwa, na mimi sikutoa hata mia. Tunasalimiana.

Bima yenyewe ina mipaka, na mawakala wengine wanaipita haraka kama tangazo la dawa. Ile iliyolipa IST ni bima ya dhima kwa watu wengine. Watu wengine ni jirani, mpita njia, mgeni wako. Kijana wa mkandarasi aliyeko kwenye jukwaa hamo. Wake ni WCF. Kwa hiyo mtu akikwambia "nina bima" muulize ya nini, maana anaweza kuwa na moja na kukosa nyingine, na wewe ukalala usingizi wa nusu. Ipo pia bima ya kazi za ujenzi zenyewe, inayolinda jengo linaloendelea na vifaa vilivyoko saiti dhidi ya moto, mafuriko, kuporomoka, kufuatana na ilivyoandikwa. Kwa kazi kubwa iulizie, kwa ukuta wa uzio wengi hawaikati.

Na bima hailipi kazi mbovu. Tailizi zikilia kama ngoma ukizigonga, paa likivuja kwenye kofia, pale juu bati zinapokutana, rangi ikibanduka kabla ya Krismasi, usimtafute mtu wa bima. Hayo yanatibiwa na mkataba, na dawa yake ni hela uliyoibakiza mkononi. Mimi nabakiza asilimia 10 mpaka mvua moja ya masika ipite juu ya kazi. Mkandarasi wa uzio alisema asilimia 5, tukakutana kwenye saba na nusu, tukaandika.

Nikiwa kwenye karatasi, nigusie umeme. Ili TANESCO wakuunganishie, unatakiwa uwe na mchoro wa waya za nyumba uliosainiwa na kugongwa muhuri na mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Mtaani mnajua kinachofanyika. Fundi asiye na leseni anatandaza waya, halafu anakwenda kununua muhuri kwa mwenye nao, ambaye nyumba yako hajawahi kuiona hata kwa picha. Umeme unawaka, mnashangilia. Siku ukileta moto, jina lililoko kwenye mchoro litasema halikujui, na litakuwa linasema kweli. Mwite mwenye muhuri aje nyumbani. Mwonyeshe swichi bodi. Akikataa kuja, muhuri wake mwache nao.

Nataka kuwatetea mafundi kidogo, maana nimewasema, na wengine ni watoto wetu.

Yule fundi wangu wa kwanza alikuwa na saiti nne. Nilikuja kumuuliza, tukiwa tumetulia, miezi mingi baadaye. Akaniambia, "Mama, mteja wa Bunju alinimalizia kazi akabakiza laki nne, ananiambia njoo Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa. Vijana wananidai. Hela yako nikalipa vijana wa Bunju. Ya Goba nikanunulia vifaa vya kwako. Saruji yako nikaikopesha Goba." Mnaona hesabu hiyo? Kila advansi ilikuwa inamalizia kazi ya mtu wa nyuma. Mimi mwenyewe nilimbadilishia ramani ya kibaraza mara mbili bila kuongeza bei, na kuna Jumamosi nilimwambia aje achukue hela nikazima simu kwa sababu nilikuwa harusini. Kwa hiyo tukikaa hapa tukasema mafundi ni waongo, tukumbuke walikojifunzia.

Na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza habari ya WCF wala bima. Mimi ningekuwa wa kwanza. Mtu ataingiaje gharama ambayo hakuna anayeiulizia, wakati mwenzake asiyeiingia ndiye anayepewa kazi kwa kuwa na bei ndogo? Bei ya mwenye karatasi itakuwa juu. Ndani yake kuna ule mchango, kuna ada ya bima, kuna buti na kofia ngumu, kuna jukwaa la vyuma la kukodi. Ukimshusha mpaka bei ya yule wa mirunda, atakubali, halafu atashusha mirunda.

Najua humu kuna mwenye mkopo wa 8,000,000 wa kumalizia nyumba, na ananiangalia anasema, huyu mama anaongea habari za watu wenye hela. Nakuelewa. Huhitaji mkandarasi wa kukupigia rangi sebuleni. Fundi mzuri mwenye mikono safi, anayekaa mtaa wako, mlipe kwa hatua, nenda naye. Kama amejifunzia mtaani lakini VETA wamempima na kumpa cheti cha kurasimisha ujuzi, vizuri zaidi; cheti hicho kinakwambia anaijua kazi, hakikwambii akiumia itakuwaje. Lakini kuna mahali patatu ambapo mimi sasa fundi wa undugu simpeleki: juu ya lenta, ndani ya shimo, na nyuma ya Luku, mita ya umeme. Shimo la choo au la karo linatisha kuliko paa, kwa sababu kuta zake zinaporomoka bila kuteleza mtu, na la zamani lina hewa chafu. Anaingia mmoja anazimia, anaingia wa pili kumwokoa. Kwa hapo patatu, kama hela haitoshi mwezi huu, paache wazi. Nyumba yangu ilikaa bila uzio mwaka mzima na mbuzi wa watu walikula mchicha wangu, na ninaishi.

Kuhusu malipo sitawachosha. Vifaa vinunue mwenyewe ukiweza, utie alama. Hela ya ufundi igawe kwa kazi inayoonekana kwa macho: kenchi zote zimesimama, lipa, bati limeezekwa, lipa, kofia na mifereji imekamilika, lipa. Fundi akikuomba ya mwanzo ya kuanzia, mpe ya nauli na chakula cha siku chache, na aandike kwa mkono wake amepokea. Na ukifika wakati wa kumlipa, mlipe siku hiyo hiyo. Usizime simu.

Kwa chama, ndugu mwenyekiti, nina ombi moja, na naomba liingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Tunakopesha watu mamilioni ya kujengea halafu kila mmoja anakwenda peke yake kutafuta fundi kwa shemeji. Katibu afungue daftari la makandarasi wadogo. Mwanachama akifanya kazi na mmoja ikaenda sawa, alete nakala ya cheti cha Bodi, ya WCF na ya bima, na tarehe ya kuisha iandikwe kwa wino mwekundu pembeni. Wa tailizi, wa bomba, wa paa, wote. Mkopo wa kupaua usitoke mpaka nakala hizo zimeonekana, na utoke kwa hatua kama kazi inavyokwenda. Najua mtasema ni urasimu. Nimekuwa mrasimu miaka 31, siku moja nilipoacha mmesikia.

Nakala ya mkataba wangu wa uzio iko mezani kwa katibu, nimefuta namba za simu. Ni kurasa mbili, Kiswahili cha kawaida. Kipengele cha bima kiko ukurasa wa pili, fungueni huo ukurasa.

Yule kijana anatembea. Anachechemea kidogo asubuhi kukiwa na baridi. Kupanda juu amekataa kabisa, sasa anatandika tailizi, na nasikia anafanya vizuri. Wiki iliyopita nilimpigia kumwambia nitazungumza hapa, nikamuuliza kama naweza kumtaja. Nyuma ya sauti yake nikasikia ile mashine. Akasema, "Mama, mguu utaje. Jina liache."

Asanteni, na chai iletwe.